Duka la kona, Mwanjelwa au supamaketi: mahitaji ya nyumbani ununue wapi hapa Mbeya

Mtoto wa kaka yangu amepata kazi Mbeya na amepanga chumba na sebule Ilomba. Wiki yake ya kwanza alinipigia simu: "Shikamoo Shangazi. Naomba unielekeze, vitu vya ndani nanunua wapi? Hapa kona kuna duka, soko la Mwanjelwa si mbali, na wenzangu kazini wananiambia niende supamaketi mjini mara moja kwa mwezi nimalize yote." Nilimjibu kwa kifupi, nikakata simu, na usiku nikaona kifupi kile hakitoshi. Nimelelewa Mabatini, jirani na duka lililotulisha miaka yote. Baadaye nikawa mtu wa mshahara, nikasukuma toroli la supamaketi kama wengine. Haya ndiyo majibu yangu marefu, kwake na kwa yeyote anayeanza maisha kwenye mji huu wa baridi.

Duka ninalolipimia mengine yote

Mwenye duka letu alikuwa mzee wa Makete, Mkinga, kama walivyo wafanyabiashara wengi wa Mbeya. Siku hizi vijana wanamwita kila muuza duka "Mangi", jina la Wachaga, hata kama hajawahi kuuona Mlima Kilimanjaro. Sisi tulimwita Babu wa Dukani. Dirisha lake lilikuwa na nondo, na chini ya nondo kulikuwa na ubao uliosuguliwa na viwiko vya watoto mpaka ukang'aa kama umepakwa vanishi. Ndani palikuwa na giza kidogo na harufu tatu ambazo mpaka leo nikizipata pamoja nasimama: mafuta ya taa, sabuni ya mche, na usipa wa Ziwa Nyasa uliopanda na gari la Kyela.

Ulikuwa huwezi kusema unachotaka kabla hujasalimia. Ukidandia tu, "Babu nipe chumvi," alikuwa anaendelea kupanga viberiti vyake kana kwamba hakuna mtu dirishani. Ukisema "Shikamoo Babu" anageuka, anaitika, anauliza mama kaamkaje, ndipo anauliza umetumwa nini. Mama zetu wa Kinyakyusa walipita na "Ugonile" yao, naye aliwajibu hivyo hivyo kwa lugha yao.

Ninalolikumbuka zaidi ni jinsi alivyouza sabuni. Mche mpya haukuuzwa siku ulipofika. Aliipanga miche juu kabisa kwenye rafu, mmoja umelala hivi, mwingine vile, ili upepo upite katikati, na akaiacha siku kadhaa mpaka ikauke na kuwa migumu. Alituambia sabuni mbichi inaisha kwenye beseni kabla kola ya shati haijatakata, na mnunuzi atadhani ameibiwa. Ikishakauka alichukua msumari, akachora alama kwa kufuata kijiti alichokipima mwenyewe, kisha akakata kwa waya mwembamba uliofungwa vipande vya mti huku na huku. Alivuta taratibu, bila kutetemeka. Kipande kilichotoka hakikuwa na mwenzake aliyekizidi. Zile chenga zilizodondoka alizikusanya kwenye kopo, na kopo likijaa alimpa mama yeyote aliyekuwa na mtoto mchanga, afulie nepi.

Nimeeleza sabuni kwa kirefu kwa sababu ndani yake mna jibu la nusu ya swali. Duka la mtaani linakata bidhaa ilingane na mfuko wako. Mshumaa nusu. Sukari robo. Majani ya chai ya jioni moja. Mafuta ya kula kipimo kimoja, ukitaka kukaanga kitunguu cha leo tu. Supamaketi haikati, kiwanda kimeshaamua ukubwa wa mahitaji yako kabla hujaingia mlangoni.

Mama yangu alikuwa na sababu nyingine ya kuliheshimu duka lile. Yeye aliishi miaka ambayo duka la kona lilikuwa jambo la mashaka. Mwaka 1976 ilipita Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa sehemu nyingi ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika, na bidhaa za jumla zilipitia kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 rafu zikawa tupu. Alituhadithia foleni za sukari ambapo watu walipanga mawe, kila mtu na jiwe lake, ili akatazame watoto nyumbani na nafasi yake ibaki. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na watu wakaogopa hata kukutwa na katoni ya sabuni chumbani. Hali ilianza kulegea mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Kwa hiyo mama alipotutuma robo ya sukari, na tukairudisha ndani ya dakika tano imefungwa kwenye gazeti lililosokotwa kama pembe, kwake ilikuwa neema ambayo sisi watoto tulikuwa hatuioni.

Bei: piga hesabu pamoja na nauli

Wanaosema kona ni ghali wanasema kweli, ila wanaishia njiani. Tuseme kilo ya sukari supamaketi ni shilingi 2,900. Dukani kona kilo ni 3,000, lakini ukichukua robo robo unalipa 800, yaani 3,200 kwa kilo nzima. Umezidishiwa 300. Mtu anayeishi peke yake hamalizi kilo mbili kwa mwezi, kwa hiyo hasara yake haifiki 600. Daladala ya kutoka Ilomba kwenda mjini na kurudi inaila yote, na bado hujahesabu Jumamosi yako.

Mafuta ya kula ni habari nyingine, na hapa nataka mwanangu anisikilize vizuri. Tuseme dumu la lita tano limekujia kwa hesabu ya 5,600 kwa lita. Kipimo cha shilingi 500 dukani, ukikimimina kwenye kikombe chenye alama, kinaweza kukupa mililita 70 tu. Fanya hesabu: lita moja umeinunua kwa zaidi ya 7,000. Hapo hakuna nauli ya kukutetea. Mafuta nunua dumu siku ya mshahara, kwenye duka la jumla, na kipimo cha dukani kibaki cha dharura.

Chumvi, kiberiti, majani ya chai, sabuni, mshumaa, hivyo nunua kona bila kuumiza kichwa. Unga wa sembe, ukiwa unaishi peke yako, nunua kilo mbili mbili kona pia. Ukiwa na familia usinunue unga kabisa. Nitaeleza kwenye sehemu ya soko.

Siku mbaya

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Mama alikuwa anauza mitumba pale, na kibanda chake kilikuwa ndani. Nilikuwa nimemaliza shule, nipo nyumbani. Asubuhi ile alirudi miguu ina masizi mpaka magotini, akakaa kwenye kigoda jikoni bila kuvua kanga, na hakuna aliyethubutu kumuuliza chochote.

Jioni alinituma dukani, si kununua, kumwambia tu Babu kwamba deni letu la wiki ile lingechelewa. Alikuwa ameshasikia. Alitoa daftari lake, lile la mistari lenye jalada gumu, akafungua ukurasa wetu, akapitisha rula chini ya deni la zamani na kuchora mstari. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika jina la mama juu yake, na pale penye tarehe akapaacha patupu. "Mwambie mama ukurasa huu hauna tarehe," alisema. Akanipa unga kilo tano, mafuta na nusu mche wa sabuni.

Tulikula kwenye ukurasa ule mpaka mama alipopata tena pa kutandika mitumba. Alilipa kidogo kidogo, na kila alipolipa Babu aliandika mbele yake na kumwonyesha. Hakuna duka lenye mashine ya risiti ambalo lingetufanyia vile, na silaumu. Mashine haimjui mama. Ninasema tu kwamba unapochagua pa kununulia, weka kwenye mizani na siku ambayo hutakuwa na pesa.

Lakini daftari hilo hilo linafilisi watu. Maduka mengi yalibandika maneno "Kukopa harusi, kulipa matanga", na waliobandika walikuwa na sababu. Nimeona mwalimu kijana ambaye mshahara wake wote ulikuwa unaishia dirishani tarehe ileile ulipoingia, na kesho yake anaanza kukopa upya. Nimeona pia duka, si la Babu, ambalo deni lilikuwa linaongezeka vitu ambavyo mwenye deni hakumbuki kuchukua. Kwa hiyo masharti yangu kwa mwanangu ni haya: kuwa na kadaftari kako mwenyewe, muandike wote wawili kwa wakati mmoja, na usikope soda wala vocha. Kopa chakula, tena siku umekwama kweli. Miezi mitatu ya mwanzo lipa taslimu kila siku, hata kwa kidogo, mpaka akujue. Heshima ya dirishani inajengwa kabla ya shida.

Siku hizi duka la kona limeongeza kazi nyingine ambayo Babu hakuwa nayo. Ndilo wakala wa pesa za simu, ndilo linakununulia umeme wa LUKU saa tatu usiku simu yako ikiwa imezima chaji. Wazazi wakikutumia pesa, utazitolea pale. Hiyo nayo ni sababu ya kuwa na uhusiano mzuri na mtu yule.

Mwanjelwa na masoko mengine

Vya shambani nenda sokoni: Mwanjelwa, Soko Matola, au Uyole ukiwa upande ule. Tunaishi katikati ya mashamba ya nchi hii. Mchele unapanda kutoka Kyela na Mbarali, viazi vinashuka kutoka milimani, ndizi zinatoka Tukuyu na Kiwira. Kununua nyanya zilizofungwa kwenye trei ya plastiki ukiwa Mbeya kunanisikitisha.

Soko lina bei nzuri na lina macho. Usipokuwa na macho nawe, bei nzuri inageuka. Nyanya na vitunguu huuzwa kwa fungu. Angalia fungu kwa nyuma, upande unaomtazama muuzaji, kwa sababu mbele hupangwa zile nzuri. Maharage na mchele vikipimwa kwa sado, ingiza mkono ndani ya kopo tupu kabla halijajazwa na upapase kitako chake. Kuna sado zilizogongwa chini zikabonyea kwa ndani, na kila kibonyeo ni maharage yako. Ukiona aibu kupapasa, nunua kwa mizani, tena mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huu. Na ukifikia kununua gunia la viazi, kataa lumbesa, ule mlima wa juu ulioshonewa kamba. Unaonekana kama zawadi, lakini unamuumiza mkulima aliyelipwa gunia moja kwa mzigo wa gunia na nusu, na sheria inataka gunia lisizidi kilo 100.

Mchele wa Kyela unajulikana kwa harufu. Si kila unaoitwa wa Kyela umetoka huko. Chukua punje chache, zisugue viganjani, vuta pumzi. Kisha omba robo tu, ukapike, na ukiridhika rudi kwa muuzaji yuleyule. Ukimpata mmoja mkweli sokoni, umepata duka la kona ndani ya soko.

Sasa unga. Mahindi huku huvunwa kuanzia Mei, na mwezi wa sita na wa saba yanakuwa mengi sokoni, bei iko chini. Kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati wengine wako shambani wanapalilia, bei inapanda. Familia ya watu wanne au watano inunue gunia la debe sita mwezi wa saba, ihakikishe yamekauka, punje ukiing'ata ikatike kwa mlio, na iyahifadhi kwenye mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa ili dumuzi na fukusi wasipate pumzi. Kisha unapeleka mashineni debe moja moja. Unga huo unaujua umetoka wapi, na ukitaka dona unapata dona kweli.

Aliye peke yake asifanye hivyo. Gunia kwenye chumba na sebule ni kero tu.

Supamaketi

Sitakuwa na mengi hapa. Supamaketi ni mahali pa vitu vinavyotaka friji na vitu ambavyo tarehe yake ni jambo la afya: maziwa, mtindi, nyama iliyokatwa vizuri, chakula cha mtoto, maziwa ya kopo. Maziwa yanayosindikwa Iringa na sosi za Dabaga zimetoka hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini, na utazikuta kwenye rafu zao. Dukani kona vitu vinavyotoka polepole vinaweza kukaa mpaka vumbi linakuwa sehemu ya kopo, kwa hiyo huko geuza kopo usome tarehe. Supamaketi unapewa risiti, hakuna anayekuuliza unanunua nini na kwa nini, na kwa msichana anayeanza maisha hilo lina uzito. Kuna vitu mtu hapendi kuvitaja mbele ya foleni ya vijana wa mtaa, na mimi nilivinunua mjini miaka mingi kwa sababu hiyo.

Ubaya wake mkubwa ni toroli. Unaingia na orodha ya vitu vinne, unatoka na tisa. Na angalia kaunta. Niliwahi kuchukua dawa ya meno yenye bei fulani kwenye rafu, mashine ikasoma bei nyingine ya juu, na nilipouliza niliambiwa, "Mfumo umesoma hivyo, dada." Nilirudi kwenye rafu, nikakibandua kile kibandiko cha bei, nikakileta kaunta. Walinirudishia tofauti baada ya kuitwa mtu wa tatu. Babu alipokosea chenji, na alikosea mara moja moja, alimtuma mjukuu wake kutukimbilia barabarani na sarafu mkononi.

Ningekuwa wewe

Mwanangu, kwa mshahara wako na chumba chako hicho, ningefanya hivi. Siku ya mshahara dumu la mafuta, la lita tatu kama la tano ni zito, kutoka duka la jumla. Kila Jumamosi Mwanjelwa kwa mboga, nyanya, vitunguu, viazi, maharage na mchele wa wiki. Supamaketi mara moja kwa mwezi, ukiwa na orodha kwenye karatasi na pesa kamili ya orodha ile tu. Vingine vyote dukani kona, kila siku, taslimu. Usiende mjini kufuata punguzo la sabuni ya unga.

Ila chagua kona yenyewe kwa makini, maana Ilomba kuna zaidi ya duka moja kila mtaa. Pita kwenye mawili matatu. Tazama anapopima sukari kama anasubiri mshale utulie. Tazama anamhudumiaje mtoto aliyetumwa na noti kubwa: je, anamhesabia chenji mkononi na kumwambia ashike vizuri? Na tazama sabuni zake zimepangwaje.

Duka la Babu halipo tena. Alirudi Makete alipozeeka, nyumba ikauzwa, sasa pale panasukwa nywele. Nondo za dirisha wameziacha, na ule ubao pia. Nilipita mwezi uliopita nikaweka kiwiko changu juu yake, unanifikia kiunoni.

Jumamosi nitakuja twende Mwanjelwa pamoja. Saa moja na nusu uwe tayari, vya asubuhi ndivyo vizuri. Beba kikapu kigumu na ndoo yenye mfuniko, na vaa sweta.